Tangazo Lililomtangulia Dada

Mimi ni mtu wa matangazo. Kabla ya simu hizi nilikuwa nayaandika kwa chaki, kwenye ubao niliouegemeza nje ya duka langu la steshenari hapa Mtawanya, Mtwara. Mbuzi kapotea, maji yatakatika kesho, fulani bin fulani amefariki na maziko ni saa kumi. Watu walikuwa wanasimama na baiskeli zao, wanasoma, wanaguna, wanaondoka. Nami nilikuwa nakaa ndani nyuma ya mashine ya fotokopi, nawaangalia wakisoma. Nilipenda kuwa wa kwanza kusema jambo. Sitaficha, mpaka leo ukinisifia mwandiko kichwa kinavimba.

Ubao ulipopitwa na wakati nikafungua ukurasa wa matangazo ya mtaa, kisha ukurasa mwingine kwenye mtandao ule wa picha, kisha kundi la kwenye simu ambalo lilijaa mpaka watu wakawa wanaomba nafasi. Tangazo moja ikawa lazima nilibandike mara tatu. Huku picha inakatwa kichwa, kule maandishi yanakuwa marefu mno, pengine simu inaganda katikati ya kazi. Naudhika upesi mimi. Mke wangu anasema mimi na jiko la mafuta ya taa hatujui kuwaka polepole, na hajakosea sana.

Aliyeniletea mfumo wa kurusha matangazo kote kwa mara moja alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Dada kaolewa Songea. Binti alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, na baridi ya Songea ilikuwa haimpi nafasi. Ikifika Juni viungo vinamuuma mpaka anashindwa kushika kalamu. Akiwa kidato cha pili dada akachoka kumwona vile, akamleta kwangu pwani, kwenye joto. Alishuka kwenye basi na begi moja na mto wake wa kulalia, kwa sababu mto wa mtu mwingine alikuwa hawezi.

Kwetu sisi, tunaofuata ukoo wa mama, mjomba si mtu wa pembeni. Mtoto wa dada yako akiumwa, unaulizwa wewe. Akiposwa, unakaa mkekani wewe. Na likitokea la kutokea, wewe ndiye wa kumwambia mama yake, kwa mdomo wako, ana kwa ana. Nililijua hilo tangu siku namtwalia begi lile pale stendi. Alikaa kwetu miaka tisa, akamaliza shule, akawa mwenzangu dukani.

"Mjomba, hiki hupakui chochote," aliniambia siku hiyo. "Unakifungua tu kwenye simu kama unavyofungua gazeti. Unaandika mara moja, chenyewe kinapeleka kote kutatu. Na unaweza kukiambia kipeleke saa ngapi, wewe ukiwa umelala."

Kilikuwa kitu cha kigeni, maandishi yake yote Kiingereza, na kilitupa siku kumi na nne za kujaribu bure. Vya bure hunitia wasiwasi. Nikamwambia tuanze na tangazo la maji, likiharibika watu hawatakufa. Akaandika, akaweka picha ya bomba, akanigeukia.

"Saa ngapi, mjomba?"

"Saa mbili usiku, wakishakula."

Akazungusha namba kwa kidole gumba mpaka ishirini na sifuri sifuri, akabonyeza. Nikamwambia aniachie na mimi nijaribu. Nikabonyeza pasipobonyezwa, tangazo likafutika lote, nikaanza kuutukana mfumo na ukoo wa aliyeutengeneza. Yeye akacheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, wewe unaujaribu mfumo au mfumo unakujaribu wewe?"

Saa mbili usiku tangazo likatoka kote kutatu kwa mpigo. Nilizunguka kutoka ukurasa huu hadi huu nikilitazama, nikafurahi kama mjinga. Tangu hapo tukawa na utaratibu wetu. Mimi naandika maneno, kwa sababu maneno nilikuwa simwachii mtu. Yeye anauliza saa ngapi, mimi najibu kwa saa zetu, yeye anaweka kwa saa za simu. Muda sikuwahi kuupanga mwenyewe hata mara moja. Sikuona haja.

Katika zile siku za majaribio tulikwenda Msimbati kumpigia picha mteja mmoja mwenye nyumba ya wageni. Tulipokaribia upande wa mdomo wa Ruvuma simu ikarukia mtandao wa Msumbiji, ukaja ujumbe wa Kireno wa kutukaribisha, na mpwa wangu akaujibu kwa sauti, "Ahsanteni, hatukai." Nikampiga picha amesimama kwenye mchanga mbichi, mikoko nyuma yake, viatu mkononi. Aliitazama akasema amekaa kama bibi kizee, nisiirushe popote. Sikuirusha.

Siku ya tisa ya majaribio akaanza kuumwa miguu. Tulidhani ni yale yale ya siku zote, maji mengi, dawa, kulala. Kesho yake maumivu yakapanda kifuani. Tukampeleka hospitali, akawekewa oksijeni na damu, na watu wa pale walihangaika naye kadiri walivyoweza. Siku ya tatu, baada ya magharibi, akafariki. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli karibu naye. Sikujua kwamba ndiyo imekwisha mpaka nesi aliponigusa bega.

Nilitoka hadi koridoni nikampigia dada. Alipokea hata kabla simu haijalia sawasawa.

"Vipi?"

"Kazidiwa kidogo, dada. Panda basi la asubuhi."

Nilisikia redio ya kwao ikizimwa.

"Anakula?"

"Anakunywa uji," nikasema.

Hivyo ndivyo inavyosemwa kwetu. Aliye mbali haambiwi kifo kwa simu. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa, anafunga mzigo wake, anasafiri na mgonjwa wake moyoni, na akifika anakuta wanawake wamekaa mlangoni tayari kumshika. Hapo ndipo anaambiwa, na anayemwambia ni mwenye haki ya kumwambia. Kila mtu anajua maana ya yale maneno, na kila mtu anajifanya hayajui. Jirani yangu mwalimu, mtu wa Bukoba aliyeletwa huku na kazi, aliwahi kuniuliza kwa nini tunadanganyana kwenye jambo kubwa namna hiyo. Nilimjibu kwa ukali kwamba si uongo, ni kumbebea mtu mzigo mpaka afike nyumbani. Nililisema vizuri sana, na nikajipongeza.

Asubuhi turubai lilikuwa limeshafungwa na wanawake wameshajaa uani. Tulikubaliana mwili utaletwa nyumbani mchana, dada akifika saa kumi amwone mwanawe, kisha twende makaburini. Mimi, kama mjomba, nikasimama mbele ya watu.

"Ndugu zangu, mama mzazi yuko njiani, hajui. Naomba mtu yeyote asirushe chochote kwenye simu mpaka afike. Nisisikie. Nitakayemkuta amerusha, mimi na yeye."

Wakaitikia. Mwalimu wa Bukoba naye alikuwepo, akatikisa kichwa kukubali. Huku kwetu watu kwa hilo wanaelewana, hata vijana.

Saa mbili asubuhi nikaingia chumbani nikafunga mlango. Niliwaza kuhusu saa kumi. Wakati huo nitakuwa nimemshika dada, sitakuwa na mkono wa kushika simu, na kuna watu wa Nanyamba na Madimba wanaomfahamu binti ambao watataka kuwahi maziko. Nikaona bora niandike tanzia mapema, niuachie mfumo, itoke yenyewe saa ile ile dada anapofika. Nilijiona nimefikiri jambo la maana. Ukweli wenyewe, ambao nilikuwa sijiambii, ni kwamba sikutaka mtu mwingine amtangaze mtoto wangu kabla yangu.

Niliandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa kavu, ya pili ilikuwa na maneno mengi, ya tatu nikaikubali. Nikaanza na Inna lillahi, nikasema alikuwa nani, nikasema ucheshi wake na subira yake kwenye maumivu, nikataja saa ya maziko. Nikatafuta picha. Zote alizojipiga mwenyewe alikuwa amenuna kidogo, kama wafanyavyo wasichana. Ile ya Msimbati ndiyo ilikuwa yeye. Nikaiweka.

Mfumo ukaniuliza muda. Zile namba zikatokea, za kuzungusha kwa kidole. Nyumba nzima watu wanasoma Kurani na kupika, na hakuna aliyeniuliza saa ngapi, mjomba. Nikajisemea mwenyewe, saa kumi. Kidole kikazungusha mpaka kumi, nikabonyeza. Mfumo ukanishukuru kwa Kiingereza, nikaweka simu mfukoni na kutoka kwenda kuangalia wachimba kaburi.

Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba kumi ya simu ni saa nne asubuhi. Hata mimi nikiona 16:00 natamka saa kumi bila kuwaza. Lakini siku zote nilikuwa nasoma saa, sikuwa nazipanga. Aliyekuwa ananipangia alikuwa kwenye jokofu la hospitali.

Niliporudi kutoka makaburini nilikuta simu yangu inatetemeka mfukoni bila kupumzika. Nilidhani ni watu wa mtaa. Nikakaa kwenye benchi, nikaletewa kikombe cha chai. Mwalimu akaja akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Mzee, ulisema tusirushe."

"Ndiyo."

"Sasa mbona wewe umerusha?"

Nikamwambia aache utani. Akanionyesha simu yake. Mpwa wangu alikuwa amesimama kwenye mchanga wa Msimbati, viatu mkononi, na juu yake maneno yangu, yote, bila kosa. Nasema hili ingawa linanitia aibu: kwa sekunde moja niliona kwamba nimeandika vizuri. Kisha nikatazama saa. Saa nne na dakika kumi na mbili.

Chini yake watu walikuwa wameshaanza. Pole, pole sana mzee, vimikono vya kuomba dua, pole mjomba. Kwenye zile pole, kati ya mtu nisiyemjua na muuza vocha wa pale stendi, palikuwa na jina la dada yangu.

"Mdogo wangu hii picha ni ya lini?"

Basi. Hakuandika kingine. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza picha ni ya lini, kwa sababu kwenye picha mtoto amesimama kwa miguu yake na anacheka.

Nikaanza kubonyeza ovyo, nikifungua pasipo penyewe. Nilifuta kwenye ukurasa mmoja, zikabaki sehemu mbili, mwalimu akaninyang'anya simu akamalizia. Haikusaidia kitu. Nikampigia dada. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena ikaita. Mara ya tatu ile sauti ya kike ikaniambia hapatikani. Saa zile basi la Songea husimama Tunduru abiria wanywe chai, na likishatoka Tunduru linaingia msituni, mtandao unakuja na kupotea. Alikuwa ameifungua simu mahali pa mwisho penye mtandao wa uhakika, labda aniulize hali ya mgonjwa.

Mke wangu akasikia minong'ono, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani karusha?"

"Mfumo," nikasema. "Mfumo umekosea saa."

Alinitazama tu. Wazee walipouliza nikawaambia vilevile, mfumo umekosea, haya mambo ya wazungu hayaaminiki. Wakasikitika na mimi, wakanipa pole, wakalaani simu. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni na alikuwa ameiona ile kumi kwenye simu yangu wakati anafuta. Aliangalia chini. Ningependelea anisute.

Yeye ndiye aliyehangaika kuipata namba ya kondakta kupitia ofisi ya basi. Simu ilishika karibu na saa saba, walipokaribia Masasi.

"Mama mmoja kutoka Songea, amevaa baibui, anakuja Mtwara," nikamwambia.

"Huyo namwona. Amekaa."

"Anaendeleaje?"

"Amekaa tu, mzee. Tangu Tunduru hajala, hajanywa. Kuna mama wa siti ya pili hamjui wala nini, amempa bega." Kondakta akasita. "Kwani mmemwambia nini huyu mama?"

Nikakata simu. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia, na nilipomaliza nikanawa uso kwenye pipa nikarudi kukaa kwenye benchi, kwa sababu watu walikuwa wanakuja na mimi ndiye mwenye msiba.

Mwili uliletwa, ukaoshwa, ukakafiniwa, ukalazwa sebuleni. Wanawake walikaa mlangoni kama kawaida. Sijui walikuwa wanamngoja nani. Walikuwa wamejiandaa kumshika mtu anayeanguka, na huyo alikuwa ameshaanguka kwingine.

Dada alifika saa kumi kasorobo. Alishuka kwenye bajaji peke yake, macho makavu, baibui lake limekunjika upande alioegemea. Kilio kikapanda. Jirani yetu mmoja, bibi wa Mikindani, alimkimbilia na kumkumbatia akisema, "Ntoto wa watu jamani, ntoto wa watu," na dada akampapasa mgongo kama vile mfiwa ni yule bibi. Akajitoa taratibu, akapita katikati yao wote mpaka niliposimama mimi.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu jana yake koridoni, niliyapanga kwa sababu ndiyo haki yake na ndiyo kazi yangu. Nikafungua mdomo. "Dada, mtoto wetu..."

Akainua mkono.

"Nimeshasoma," akasema. "Umeandika vizuri."

Akaingia ndani kumwangalia mwanawe. Sisi wanaume tukamzika kabla jua halijazama.

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha na watu kupungua, nilimkuta dada uani kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amekaa mkekani anakunja nguo za binti, za kugawa upande huu, za kurudi nazo Songea upande ule. Hakuwa ameniita, lakini hakunifukuza. Nikakaa. Kwa siku tatu tulikuwa tumesemezana mambo ya mchele na maji tu.

"Alikufa saa ngapi?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Baada ya magharibi. Siku ile niliyokupigia."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alisema nini?"

"Aliniomba nimgeuzie mto, upande wa baridi."

Akatikisa kichwa. Alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Dada," nikasema, "niliwaambia watu ule mfumo umekosea. Haukukosea. Mimi ndiye niliyeweka kumi."

"Najua. Wewe na saa za simu!" Aliguna, karibu acheke, kisha haikuwa kicheko. "Na hilo la kufa pia nilijua. Uliposema nipande basi nilijua. Mimi mwenyewe nimewaambia watu wangapi wapande basi?"

Nikashika soksi mbili nikajaribu kuzioanisha, zikawa si pacha, nikaziweka chini.

"Lakini kujua na kuambiwa si kitu kimoja," akasema. "Nimetoka Songea namwombea. Namtumbo namwombea. Nilikuwa nahesabu nikifika nimkande miguu, nimsuke, yule mke wako hajui kusuka. Nilikuwa naye kwenye basi, unanielewa? Siti ya dirishani nilimpa yeye. Na ungeniacha, ningekuja naye hivyo hivyo mpaka hapa mlangoni, saa kumi, mikononi mwa watu wangu, na wewe ungeniambia."

Akaweka mikono juu ya lile gauni, akaniinulia macho kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kwangu mimi alikuwa bado na saa sita za kuishi, mdogo wangu. Wewe umemwua Tunduru, stendi, watu wanakula chapati."

Nikamwambia ndiyo, dada. Akavuta nguo nyingine.